Njoo Ijumaa

Luseno, fundi wa mbao wa mtaa wa Jericho, alikuwa ameponzwa na mdomo wake. Kiwanda kimoja cha Industrial Area kilikuwa kikiwafunza mafundi kutumia mashine ya kompyuta, ile inayokata mbao yenyewe. Mwisho wa mafunzo, mmoja tu angeajiriwa, na Luseno alishawatangazia waumini wote kanisani kwamba kazi ni yake. Mchungaji alikuwa ameiombea hadi mashine.

Tusimwonee, mafunzo aliyashika. Alichora milango kwenye skrini, akabonyeza, akaruka nyuma kama mtu aliyewasha fataki. Hakukata kidole wala meza. Alijishangaa mwenyewe.

Siku ya mtihani, mwalimu wao Clare alijifanya mteja.

"Fundi, nataka mlango wa kabati. Nikatie hapa nikiona."

Luseno akachora, akabonyeza. Mashine ikanguruma, ikakata, ikalainisha kingo, ikanyamaza. Mlango ukawa pale mezani, umekamilika, bado una joto.

"Kazi safi," Clare akasema. "Sasa niambie, mlango wangu nachukua lini?"

Kichwa cha Luseno kilijua jibu. Lakini mdomo wa fundi hauna subira ya kungoja kichwa.

"Kuja Ijumaa, madam. Imebaki tu vanishi ikauke."

Vanishi haikuwepo. Hata brashi haikuwepo. Wenzake walicheka hadi wakashikana mabega, naye akacheka nao, angefanya nini? Clare aliuchukua mlango, akautia kwapani.

"Na wewe majibu yako," akasema, "kuja Ijumaa."

Kicheko kikamkauka Luseno. Aliifahamu Ijumaa hiyo vizuri sana. Alikuwa amewapa maharusi, majirani, hata mchungaji. Sasa alipewa yeye.

Nyumbani, mkewe Khavere alimpokea mlangoni.

"Wamesemaje, Baba Marion?"

"Niende Ijumaa."

Khavere alimtazama, kisha akatazama katikati ya chumba, mahali ambapo viti vyake vingekuwa. Viti hivyo vilikuwa vya Ijumaa tangu Marion akinyonya, na sasa Marion yuko sekondari. Akavuta mtungi wa plastiki wa maji, ambao ndio kiti cha mgeni nyumbani kwa fundi, akaupangusa kwa leso.

"Keti hapa karibu na mimi," akasema. "Nikufunze kungoja."