Kutu Ndogo Kama Ufuta

Mafuta yalikuwa yakishuka tena kwenye shokapu ya mbele ya pikipiki, mstari mwembamba uliochanganyika na vumbi, yakielekea breki bila haraka. Mkunga aliyafuta kwa kitambaa na kusonya. Ilikuwa pikipiki ya marehemu mumewe, na ndiyo iliyomfikisha kwa wajawazito wa ng'ambo ya vilima.

"Jumamosi ikifika bado inavuja, naichukua," shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa ametangaza kwenye kikao cha ukoo. "Breki ikilowa itakuua, shemeji. Chombo hiki kinataka mwanamume."

Hakuna aliyembishia, hata mama mkwe. Wala hakuna aliyeuliza wajawazito wale wangefikiwaje.

Fundi alikwisha kubadilisha sili mara mbili, vile vipete vya mpira vinavyozuia mafuta, na mara zote mbili akamlaumu kwamba anapita mashimo vibaya. Jumamosi asubuhi mkunga akaiegemeza injini juu ya kreti, akatoa gurudumu, akakaa chini na spana zake uani.

Mama mkwe, aliyekuwa kibarazani akichambua mchele, alimtazama akivuta bomba la shokapu kwa nguvu zote.

"Huyo naye anatanguliza kichwa au miguu?"

"Miguu, mama. Ndiyo maana anasumbua."

Mama mkwe akacheka, kisha akajikaza kama aliyekumbuka yuko upande gani.

Sili kuukuu ilitoka. Mkunga alishika mpya, akainua nyundo, mkono ukakataa. Fundi alibadilisha tu. Hakuwahi kuuliza kwa nini zinakufa. Mkunga akafumba macho, akapitisha vidole kwenye bomba, vidole vilivyozoea kumtafuta mtoto asiyeonekana. Kwa nyuma, kucha ikakwama. Lilikuwa doa la kutu, dogo kama punje ya ufuta, kali kama wembe, la kuchana kila sili mpya.

Akakumbuka. Wiki ya msiba mvua ilinyesha mfululizo, na shemeji akalivua turubai la pikipiki ili waombolezaji wajikinge. Waombolezaji walirudi makwao, turubai halikurudi. Hasira ilimpanda hadi masikioni, akaitumia yote kusugulia kwa msasa laini mpaka kucha ikateleza.

Ndipo akavika ncha ya bomba mfuko wa nailoni, mdomo wa sili usichanike, akaigongea mahali pake taratibu. Mafuta mapya aliyapima kwa bomba la sindano, kila mguu wa shokapu kipimo chake.

Alasiri shemeji akaja na helmeti mpya kwapani.

"Bonyeza," mkunga akamwambia.

Akabonyeza usukani mara kumi, akitokwa jasho. Kisha akatoa leso yake nyeupe, akafuta miguu yote miwili ya shokapu, upande wa mbele na wa nyuma. Leso ikabaki nyeupe. Akaigeuza, akafuta tena.

"Leo imekauka," akasema. "Kesho je?"

"Kesho njoo na leso nyingine."

Kibarazani ungo ulikuwa umetulia. Shemeji alimtupia mama yake jicho la kuomba msaada. Mama akainamia mchele.

Mkunga alifunga mkoba wake wa kazi nyuma ya kiti, akavaa helmeti yake kuukuu, akawasha.

"Shemeji," alisema juu ya mngurumo, "ukija, lete na turubai langu."