Gari Lililovaa Pamba

Mume wangu Alois aliniahidi mengi, kama wanaume wote, ila moja sikumsamehe. Tulipooana mwaka sitini na sita alisema atanipeleka kanisani kwa gari. Na gari alikuwa nalo kweli: kigari chekundu cha mashindano, viti viwili, hakina paa, namba tisa mlangoni. Mzungu mmoja wa mgodi wa madini ya risasi alimwachia mgodi ulipofungwa. Asubuhi ya harusi tukakuta panya wameshamaliza waya. Waya za magari zamani zilivikwa pamba, na panya wa Mpanda hawana dini. Nikaenda kanisani kwa miguu, shela inafagia vumbi.

Kigari kikaingia bandani, kikakaa huko miaka na miaka. Alois akawa fundi umeme wa malori ya tumbaku. Jubilei yetu ya miaka thelathini ilipokaribia nikamwambia, "Baba Odeta, safari hii sitembei."

Mtu mwingine angenunua waya dukani kwa Rehani, pale ng'ambo ya barabara, kazi ikaisha. Siyo mume wangu. "Gari la mashindano kuvaa plastiki," alisema, "ni sawa na padri kupanda altareni na kandambili."

Rehani, ambaye ni Mwislamu na mambo ya altare hayamhusu, alicheka mpaka akakaa chini. "Mzee Alois, umeme hauangalii nguo!"

Alois akaokota huko mgodini waya za zamani, mpira wa ndani bado mzima, pamba imeoza. Ikabidi zivikwe upya. Pamba itoke wapi? Nyie wenye vitambaa vya kufuma kwenye makochi, sikieni: vyangu vikaanza kutoweka. Kimoja kimoja, kinafumuliwa, kinarudi kuwa uzi. Nilipiga kelele weee, halafu nikamletea na vya mezani, maana nilitaka gari kuliko vitambaa. Uzi wa taa kubwa ulichovywa kwenye bluu ya kufulia, wa betri ukachemshwa na magome mpaka ukawa kahawia, wa kuwashia injini ukaachwa mweupe. Jirani yetu Gaudiose, Mrundi, fundi wa vikapu, akasuka uzi kuzunguka kila waya, mkono haukosei hata akiwa anapiga soga. Mwisho Alois akapaka nta ya nyuki ili maji yasiingie. Nta ilitoka Inyonga, kwa kaka yangu.

Zilipendeza, siwezi kusema uongo. Alois alinawa mikono kwanza ndipo akanifungulia boneti. Akawasha injini, taa, honi, vyote vikaitika. Akazima, akakirudisha kigari bandani kusubiri Jumapili.

Sasa, marehemu baba yangu alikuwa mrina asali. Nimekua nikimwona akipaka nta ndani ya mzinga mtupu ili kuita nyuki. Sanduku lenye giza, tundu kwa mbele, nta inanukia ndani. Mnaona? Mimi sikuona.

Asubuhi ya jubilei nimevaa kitenge kipya, nimepiga kilemba, tunafungua banda tunasikia boneti inavuma na injini imezimwa. Kundi zima la nyuki limehamia.

"Basi, baba Odeta," nikasema. "Tutembee."

"Ulishatembea," akajibu.

Akaenda jikoni, akarudi na kijinga cha moto kinachofuka. Alijua, jamani. Fundi yule asingeweza kutojua moto utafanya nini kwenye pamba yenye nta. Akainua boneti kidogo, akakiingiza. Nyuki wakatoka na moshi, wengine wakamwangukia usoni, na nyuma yao waya zikawaka kama mishumaa ya Pasaka. Tukazima kwa mchanga. Bluu, kahawia, nyeupe, zote masizi. Yeye alikung'uta mchanga mikononi, jicho moja limefumba kwa kuumwa na nyuki. Niliyelia ni mimi. Nalilia waya, haki ya Mungu, mimi niliyezitukana mwaka mzima!

Alois akavuka barabara. Rehani alipomwona ule uso hakutania hata neno. Akamkatia plastiki nyekundu, akaja nayo mwenyewe. Alois akavuta waya chache tu, toka kwenye betri hadi kwenye injini, zinaning'inia hovyo kama utumbo wa kuku. Hakuziangalia mara mbili. Akafunga boneti, akazungusha hendeli, kigari kikanguruma.

"Panda, mama Odeta. Taa hakuna, honi hakuna."

Nikapanda. Kengele ilikuwa imeshalia zamani. Karibu na soko barabara imejaa watu, mbuzi nao wamo, na dereva wangu anaona kwa jicho moja. Nani atawaondoa njiani? Nikasimama juu ya kiti, mkono mmoja kwenye kioo, nikapiga vigelegele. Nikavipiga toka sokoni mpaka mlangoni mwa kanisa, kilemba kimenivuka, watu wanarukia mitaroni. Padri akakatisha mahubiri, akatoka nje kuangalia ni nani anayeolewa.