Masale ya Filomena

Kabla ya alfajiri Bi Nasriya alisikia kopo likigonga ndoo uani. Filomena, msichana wa kazi, alikuwa akikinga maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi ili anyweshe masale yake, mimea ya kwao. Alikuja nayo kutoka Rombo, vijiti vitupu ndani ya gazeti lililoloa, na sasa yamefika kiunoni, katika mchanga wa Sib, huku ng'ambo, usiootesha hata mrehani bila kubembelezwa. Kisha akamletea bibi maji ya kutawadhia, ameshayajaribu kwa kiwiko kama ya mtoto mchanga.

Jana kaka yake, Zakayo, alipiga simu. Mama yao amefariki.

Filomena alikata jani moja, akalifunga fundo. Kwao, ukipelekewa isale lenye fundo, hata kama mmemwagiana damu, hukatai unaloombwa. Akampelekea Salem, mtoto wa Bi Nasriya, aliyemfungia paspoti yake kabatini.

Salem alilipokea kwa mikono miwili. "Ahsante, Filo. Zuri hasa." Akampa mkewe alitie kwenye chombo cha maua.

"Si pambo hilo, mwanangu," alisema Bi Nasriya. "Anakuomba akamzike mamake."

"Nnajua, mama. Atakwenda baada ya Idi. Sasa hivi nani atakutazama wewe?"

"Nnajitazama mwenyewe. Kwani mimi yai?"

"Mama, basi."

Kulipopambazuka, mazishi yakaja Sib. Ukungu wa baridi ulitoka baina ya masale, ikafuata migomba, kisha watu wa Rombo na masweta yao, matope viatuni, wamebeba jeneza. Wakalitua karibu na mitungi ya gesi. Bi Nasriya alitandika mkeka, akawamiminia kahawa. Marehemu aliinuka akaketi, akapokea kikombe, akaitazama mikono ya binti yake iliyochubuliwa na dawa ya kufulia.

"Umekonda, we mtoto. Hawakupi ndizi?"

"Wananipa wali, mama."

"Wali!" alisema marehemu, na waombolezaji wakacheka kidogo.

Salem alitoka, akawapa pole wote, mmoja mmoja, kwa adabu. Kisha akaomba jeneza lisogezwe apate kutoa gari, na akamkumbusha Filomena kwamba kanzu zake hazijapigwa pasi.

Filomena akaenda kuzipiga.

Walimngoja aje atie konzi yake ya udongo. Kanzu zilikuwa nyingi. Walimsikia dirishani akinyunyiza maji, akikunja, akianza nyingine. Jua likapanda juu ya ukuta, likaanza kuula ukungu. Zakayo akasema padri anasubiri kule, hawana budi kurudi. Marehemu alirudisha kikombe, akashukuru kwa kahawa, akajilaza mwenyewe.

Bi Nasriya alipiga magoti kwa taabu, akaushika ukingo wa jeneza kabla hawajalifunika.

"Mwenzangu," alisema, "njoo tena. Mtoto wako hatumwachi aje."