Shanga Saba za Kijani

Siku hizi mtoto wa hapa mjini Kanyenye ukimwambia twende tukaokote mchangani, anakutazama kama umechanganyikiwa. Haya, shauri yao. Sisi tuliokulia Usoke, mvua ya kwanza ikishapiga, hatukushikika. Mto wetu ulikaa mkavu nusu mwaka, mchanga mweupe mtupu, na ukingoni mwake ndipo wapagazi wa zamani walipokuwa wakilala kabla ya reli kuja. Maji ya kwanza yakipita, mchanga unatema kila kitu: shanga, simbi zile kauri za baharini, vipande vya sahani za Waarabu, vifungo, hata konokono waliogeuka jiwe. Rafiki yangu Getruda alishikilia kwamba hao ni masikio ya mashetani. Mwongo yule! Nampenda mpaka leo.

Bibi yangu Kashindye alikuwa wa kwanza kufika mchangani na wa mwisho kuondoka. Hakuokota kwa kucheza. Mumewe Lugembe alibeba pembe kwenda pwani, akamwacha na mimba ya mama yangu, Apolinaria, na hakuonekana tena. Wenzake walisema walipotezana naye Bagamoyo. Kijiji kikahukumu: amelowea huko, ameoa, mtoro yule! Miaka arobaini bibi akaitwa mke wa mtoro, na mama akawa mtoto wa mtoro. Bibi hakukubali. Ila kumlilia hakuweza, maana mtu ambaye kifo chake hakijulikani hafanyiwi matanga.

“Alivaa ushanga wangu,” alikuwa akituambia. “Kila mnachookota nionyesheni kwanza.”

“Wa rangi gani, bibi?”

“Wewe nionyeshe tu.” Akauliza mtu mara ya pili, alifukuzwa.

Mwaka wa thelathini na sita nilikuwa na miaka kumi, najiandaa kwa Komunyo ya kwanza. Getruda alikuwa na rozari ya kutoka misheni, ananiringia nayo kila siku. Nikaapa nitajitengenezea yangu. Shanga nyekundu hamsini na tatu za Salamu Maria nilizipata bila taabu, na bibi alizitazama akazirudisha. Zikabaki sita za Baba Yetu, nami nilitaka za kutisha, Getruda akome.

Nikazipata. Saba, za kijani, kila moja na mstari wa njano, zimelala mchangani zimefuatana kama bado zina uzi. Pembeni yake palikuwa na simbi, zimejikusanya pamoja. Jamani, uzuri wake! Nikajua bibi akiziona hizi hazirudi. Basi nikazificha kwenye pindo la gauni. Simbi nikampa binamu yangu Damas akachezee bao, ushanga wa saba nikamhonga Getruda, aliyeziona kwenye rozari, anyamaze. Nilifanya hivyo kwa akili zangu timamu, wala simsingizii shetani.

Wiki tatu baadaye, jioni ya kuamkia Komunyo, mama alikuwa anapeta mtama uani nami nimekaa nasali kwa sauti ili nisikike. Bibi akapita. Akasimama. Akaishika rozari, akaipitisha vidoleni mpaka kwenye ushanga wa kijani.

“Josepha. Umetoa wapi?”

“Mchangani, bibi.”

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alinivuta ndani, akafungua kanga, nikaona kiuno cha bibi yangu kwa mara ya kwanza maishani. Kilizungukwa na shanga za kijani zenye mstari wa njano. Ndiyo maana hakuwahi kututajia rangi! Shanga za kiunoni ni siri ya mke na mume, angewaambiaje wajukuu, tena watoto wa misheni? Alikuwa amekata saba akamfunga mumewe mkononi asubuhi ile anaondoka.

“Nionyeshe mahali,” akasema.

Tulikwenda mbio, mama nyuma yetu na ungo bado mkononi. Mto ulikuwa umejaa. Maji mekundu yalifunika ukingo wote, na ule mchanga niliokuwa naujua kama kiganja changu haukuwepo. Nikaonyesha hapa, nikaonyesha pale, nikaanza kulia. Mifupa ya babu yangu ilikuwa mahali fulani chini ya maji yale, na mimi peke yangu ndiye niliyepaona, nikapaacha kwa ajili ya kumkomesha Getruda.

“Nisamehe, bibi. Zilikuwa hapa, zote saba, na simbi zake.”

Bibi akageuka. “Simbi gani?”

“Zilikuwa pamoja na shanga. Nimempa Damas za kuchezea bao.”

“Ngapi?”

“Kumi na mbili.”

Akakaa chini kwenye tope na kanga yake safi. Akaniambia nirudie, nikarudia. Akamtazama mama.

“Apolinaria, ulikuwa bado tumboni. Nilimwambia aniletee simbi za pwani kumi na mbili nikushonee kwenye mbeleko. Anayekwenda pwani hazibebi, mwanangu. Anayerudi ndiye anazibeba.”

Kisha akapiga ukelele ambao sijausikia tena. “Alikuwa anarudi! Usoke mnanisikia? Lugembe alikuwa anarudi kwangu!” Watu wakatoka mashambani na majembe yao, wazee waliomwita mtoro wakasimama wakiangalia miguu yao. Kutoka hapo mtoni hadi mlangoni kwake ni mwendo wa nusu saa.

Komunyo yangu iliahirishwa, matanga yakaanza siku iyo hiyo. Wanawake walimnyoa bibi, na wembe ulipomfikia mama, naye akainama anyolewe, kama binti wa marehemu. Mama yangu hakuwahi kumtaja yule mtu. Akilazimika, alisema “mume wa mama”. Nywele zake zikiwa zinamdondokea magotini, nilimsikia akilia, anaita, “Baba, baba yangu,” na alikuwa na miaka arobaini.