Fungu la Yaser

Advera alifika kwangu na kisanduku cha barafu na maswali mengi kama karani wa sensa. Ni mtafiti wa nyama. Anataka soseji zake zikae bila dawa za viwandani. Alikuwa amesikia kwamba hapa Tabora mjini kuna bibi mmoja, Nunu, anayehifadhi nyama kwa majani. Ndiye mimi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa basi, usinisimamie kama askari."

Nikamweleza. Nachemsha majani machanga ya mpera na karafuu mpaka maji yawe meusi, natia chumvi, nachovya minofu, naanika kivulini. Nyama ya namna hii ndiyo waliyofungiwa watu wa misafara ya zamani waliokwenda Ujiji kwa miguu. Mimi nilifundishwa na mama mkwe, mwanamke asiyejua kusema jambo mara mbili.

"Iliyokaa sana kuliko zote ina muda gani?"

Nikalitazama kabati. Kwetu, Idi ya kuchinja ikifika, aliye safarini hukatiwa fungu lake kama yupo. La mwanangu Yaser, aliyeko Muscat, nalihifadhi mpaka arudi. Idi nyingine ikifika hajarudi, nalipika la zamani na kukata jipya. Huu ni mwaka wa sita. Nina hamu naye mpaka naona aibu kusema. Nikamwambia fungu lililokuwa kabatini lilikuwa na miezi kumi na moja.

"Hilo ndilo ninalolitaka, mama."

"Hilo lina mwenyewe."

Alinibembeleza mpaka nikakasirika, nikampigia Yaser mbele yake. Nilijua atasema, liacheni, nakuja. Nilitaka Advera asikie.

"Mpe tu, Mama," akasema Yaser. "Mpe lote. Na Idi hii usijisumbue kunikatia."

Nikalifunga lote kwenye karatasi. Nilisingizia moshi kwa machozi yangu, na jiko halikuwa limewashwa.

Wiki tatu baadaye Advera akapiga simu, furaha tupu. Nyama ilikuwa salama kabisa, ingekaa hata miezi sita zaidi.

"Ulipanga ikae muda gani, mama?"

"Sikupanga muda, mwanangu."

Idi tukachinja. Nikagawa la maskini, la majirani, letu. Kisha nikakata moja tena, nikaenda uani kuchuma majani ya mpera. Yaser hakusema haji. Alisema nisijisumbue, na nani kamwambia nasumbuka?