Sigowet kwa Herufi K

Rebeccah alikuwa ameshafungua mkebe wa dawa ya kupe ili ampimie Mzee Kiptum mililita ishirini, maana hamsini alizozoea zilikuwa zimepanda bei tena, pale mkaguzi wa dawa za mifugo alipoingia dukani na faili kwapani. Ilikuwa siku ya soko Silibwet, na foleni ilikuwa imefika mlangoni. Mkaguzi huyo, Mageto, hakusalimia mtu. Alitaka rejista ya mauzo: nani ameuziwa dawa gani, lini, ya mnyama gani. Rejista ikiwepo, atamwandikia cheti kipya hapo hapo. Isipokuwepo, anafunga duka leo.

Rebeccah hakushtuka. Rejista alikuwa nayo, tena safi kuliko ya duka lolote hapo sokoni. Shida ni kwamba ilikuwa kwenye wingu.

Mwezi wa pili alikuja wakala wa kampuni moja ya Nairobi, viatu vinang'aa licha ya tope lote lile, akamwambia kwamba duka linaloandika kwenye kaunta buku limepitwa na wakati. Siku hizi, alisema, kumbukumbu zinakaa kwenye wingu, huko mtandaoni, na hata duka likiungua utazikuta huko. Akatoa tableti amfungulie akaunti. Rebeccah alinyoosha mkono ajaze mwenyewe, wakala akaivuta kwake. "Wewe sema tu, mama," akamwambia. "Mimi naandika." Basi Rebeccah akasema yote aliyoulizwa, toka jina lake hadi alikozaliwa. Tangu siku hiyo alijaza mauzo yake kila jioni bila kuruka hata moja, na kaunta buku za zamani akampa jirani yake Nyabate, aliyezichana kufungia chapati.

Juzi simu yake ilitumbukia kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Alinunua nyingine ya mtumba, na wingu likakataa kumtambua. Sasa lilikuwa likimuuliza swali moja tu: Ulizaliwa wapi?

Swali gani rahisi kama hilo? Akaandika Sigowet. Si sahihi. Akaandika tena kwa herufi ndogo zote. Si sahihi, umebakiza mara moja, kisha akaunti itafungwa kwa siku saba.

"Mama, umesahau ulikozaliwa?" Mageto aliuliza bila kucheka. Waliokuwa kwenye foleni ndio waliocheka.

Siku saba duka limefungwa ni msimu mzima kwa mtu wa dawa. Rebeccah akapiga simu kwa kampuni. Muziki ukalia mpaka salio likakaribia kwisha, ndipo msichana akapokea, sauti tamu ya mjini. Kwa usalama wa akaunti, alisema, hawezi kumwambia jibu lililoko kwenye mfumo. Lakini amtajie yeye hilo jina, kwa sauti, asikie.

Rebeccah akageukia ukuta. Shuleni hakuna aliyemshinda imla. Kalamu yake haijawahi kukosa herufi. Mdomo ndio uliokulia Kikipsigis, mahali ambapo b huteleza ikawa p, d ikawa t na g ikawa k. Alipokuwa chuoni Nakuru wenzake walikuwa wakimwomba aseme "gari la bwana Daudi" ili wapate kucheka, na tangu hapo alijifunza kuyakwepa maneno. Jina la nyumbani kwao utalikwepaje?

"Sikowet," akasema.

"Siko nini? Mama, hauko wapi?"

Simu hiyo ya mtumba ilipaza kila kitu. Foleni nzima ilisikia. Nyabate, aliyekuwa ameleta chapati ya Rebeccah, alishika mdomo lakini kicheko kikamtoka puani. Rebeccah alihisi masikio yakiwaka moto. Alitamani ardhi ipasuke immeze pamoja na mikebe yake yote.

Akakata simu, akabaki ameishika. Siko. Yule msichana alikuwa amesikia siko. Na wakala je, siku ile, alisikia nini?

Akaandika Sikowet, kwa herufi k. Wingu likafunguka.

Mageto alichukua simu, akapekua kurasa moja moja akilamba kidole kana kwamba ni karatasi. Hakupata kosa. Kila ng'ombe alikuwemo, kila chupa, kila tarehe. Akakohoa, akatoa cheti na kalamu, akarudi ukurasa wa kwanza kabisa, ule ambao Rebeccah hakuwahi kuwa na sababu ya kuufungua, akaanza kunakili. Mmiliki: Repeka Chelimo.

"Mkubwa, hapo..." Rebeccah akaanza. "Mimi ni Rebeccah. Kitambulisho ninacho."

"Cheti kinafuata rejista. Kama jina si lako, rejista si yako. Urekebishe kule kwanza, halafu uombe upya. Mimi nitafunga duka, nikirudi ni mwezi ujao." Akasimamisha kalamu hewani. "Sasa niambie. Huyu Repeka ni wewe ama si wewe?"

Foleni ilisogea karibu. Aliyekuwa nyuma kabisa alikuwa na ndama mgonjwa amefungwa nje. Rebeccah aliyatazama maandishi yale, ambayo mtoto wa darasa la pili angepigiwa mstari mwekundu kwa ajili yake.

"Ni mimi," akasema. Maneno mawili hayo yalitoka sawasawa, hayana herufi ya kumsaliti.

Akaambiwa aweke sahihi inayolingana na jina. Akaiweka. Mageto akamwonyesha ukutani mahali cheti kinapotakiwa kukaa, penye kuonekana na kila mteja, akaenda duka la pili.

Mzee Kiptum akasogea kaunta na kichupa chake, mpole kama kawaida, wala hakuwa na neno baya moyoni.

"Haya, Repeka," akasema, "sasa nipimie ile tawa."

Miaka kumi na moja alikuwa akimwita hivyo, yeye na soko zima, na Rebeccah akiitika. Leo alishindwa kuitika. Aliinama juu ya mkebe, akapima dawa, na machozi yakamzuia kuona mstari wa ishirini.