Kompyuta Namba Arobaini na Moja

Kabla ofisi haijafunguliwa, Mama Chapa alikuwa ameshapangusa meza yake barazani, ameweka jiwe juu ya karatasi zisipeperuke na kuvuta waya wa umeme kutoka dirisha la stoo. Akafungua kompyuta. Kioo kikaandika yale yale ya jana na juzi: *Kifaa hiki ni mali ya ofisi. Weka neno la siri.*

"Bado imenuna?" aliuliza Bi Kasi, mpiga chapa wa meza ya pili, vidole vyake vikiendelea kugonga.

"Imenuna kama wifi asiyealikwa."

"Siku ya tatu hii, shoga. Unaijua sheria ya baraza."

Aliijua. Meza isiyochapa siku tatu huondolewa, nafasi akapewa mwingine. Na waliokuwa wakiingoja nafasi hiyo, mbele ya ofisi isiyopokea barua iliyoandikwa kwa mkono, walikuwa wengi kuliko foleni ya ndani.

Kompyuta aliinunua kwenye mnada wa ofisi hiyo hiyo. Kibandiko cha namba 41 kilikuwa bado mgongoni. Siku ya kwanza ilifanya kazi vizuri, ila ndani mlijaa mambo ya watu: barua za likizo ya ugonjwa, jedwali la mishahara, malalamiko ya mke wa karani fulani. Mama yake alizoea kumwambia, "Mwanangu, siri ya mtu ni kama nguo yake ya ndani. Ukiikuta kambani, geuza uso." Yeye hakuishia kugeuza uso. Alifuta kila kitu, akairudisha kompyuta kama ilivyotoka kiwandani. Ilipowaka tena ikamkumbuka mwenyewe wa zamani, yeye ikamkana.

Saa tatu aliibeba kifuani kama mtoto mwenye homa, akaingia kwa bwana mitambo, kijana aliyewekwa kuangalia kompyuta zote za ofisi.

"Mama, mashine hii kwangu haipo." Kijana akamgeuzia daftari. Mstari mwekundu ulikuwa umepita juu ya namba. "Iliuzwa, ikafutwa. Siwezi kufungua kitu ambacho hakipo."

"Lakini yenyewe inasema ni yenu."

"Kama ni yetu, wewe umeipataje?"

Akatoa risiti. Kijana aliisoma bila kuigusa. "Inasema umeuziwa kompyuta. Haisemi utafunguliwa."

"Baba, ni neno moja tu unaandika. Hata chai yako haitapoa."

"Nikiliandika, itarudi kwenye daftari langu, na mkaguzi ataniuliza iko wapi. Kwani uliponunua haikuwa inafanya kazi?"

"Ilikuwa."

"Ikawaje?"

"Nilifuta. Mliacha mambo ya watu humo, hadi barua za wagonjwa. Nikaona aibu."

Kalamu iliyokuwa ikizunguka vidoleni mwa kijana ikasimama. Akainuka, akaurudisha mlango.

"Umesema umefuta nyaraka za ofisi?"

"Nimefuta kompyuta yangu."

"Nyaraka zilikuwa za nani?"

Mama Chapa aliikunja risiti yake. Aliwachapia watu maelfu ya majibu, lakini hili hakuwahi kulichapa.

"Sikiliza, mama, mimi sitaki makuu. Lete barua ya maelezo: ulifuta nini, kwa ruhusa ya nani. Halafu tutaona." Akafungua mlango. "Na ichapwe. Ya mkono hatupokei."

Barazani Bi Kasi alimsogezea kigoda, akaingiza karatasi mpya kwenye taipureta yake.

"Haya, nikuchapie. Kichwa cha barua?"

"Andika: Kuomba radhi kwa kusitiri aibu yenu."

Vidole vya Bi Kasi vilibaki hewani. Akatazama mlango wa ofisi, kisha meza yake mwenyewe.

"Shoga, nikichapa hii, kesho na mimi sina pa kukaa."

"Basi acha."

Jua lilipofika kwenye ngazi, mlinzi alikuja akiburuta rungu.

"Mama Chapa, siku zimetimia. Toa meza."

"Meza ni yangu, nitaitoa. Lakini hii," akamgeuzia kioo, "soma mwenyewe. Ni mali yenu. Itoeni nyie."

Foleni nzima, iliyokuwa imefika hadi barazani, ikaangua kicheko. "Mpe dozi, mama!" mtu akapaza sauti.

Mlinzi aliinama akasoma, midomo ikitembea. Akakuna kidevu. Halafu akachomoa waya, akaifunga kompyuta, akaikumbatia.

"Basi mali ya ofisi ikalale ofisini."

"Nina risiti!"

"Iandikie ofisi barua."

Kicheko kilikatika. Mama Chapa alimfuata hadi mlangoni, mlango ukafungwa mbele ya pua yake. Akarudi kwenye dirisha la stoo, pale waya wake ulipokuwa ukining'inia. Ndani, mlinzi aliipachika kompyuta juu ya viti vilivyovunjika miguu.

"Hiyo ni ya mnada ujao?" ilisikika sauti ya bwana mitambo. "Ibandike namba."

"Inayo tayari, bosi. Arobaini na moja."

"Iache hiyo hiyo. Kazi imepungua."